Mizani Isubiri: Namna ya Kumpokea Mtoto Katika Saa Yake ya Kwanza

Mwulize muuguzi yeyote wa leba hatua za kumhudumia mtoto mara anapozaliwa, atakutiririshia zote bila kukwama: kukausha, joto, kitovu, titi, vitamini K, dawa ya macho. Mtihani wa maandishi anafaulu vizuri tu. Sasa mfuate huyohuyo usiku wa manane, akina mama watatu wamefika kwa mpigo, uone. Mtoto anatoka, kitovu kinakatwa papo hapo, mtoto anabebwa mbio hadi kwenye mizani, anapimwa, anavalishwa, anafungwa furushi, na mama anaonyeshwa uso tu. Hakuna alichosahau. Amefanya karibu yote, ila kwa mpangilio unaomwachia mtoto baridi.

Mimi ni mkunga, na kwa miaka kadhaa sasa ndiye ninayekabidhiwa waajiriwa wapya wakifika leba. Ninalowasisitizia ni moja: katika saa ile ya kwanza, karibu kila kinachomtoa mtoto kifuani kwa mama kinaweza kusubiri. Visivyosubiri ni pumzi, joto na titi, na vyote vinapatikana palepale alipo mama. Maelekezo haya nimeyapanga kwa jinsi mikono inavyofanya kazi, si kwa jinsi yalivyo kwenye daftari la chuoni.

Kabla hajatoka

Kazi ya kumpokea mtoto inaanza mama akiwa bado hajaanza kusukuma. Funga madirisha, zima feni. Chumba kiwe na nyuzi joto 25 hadi 28. Wewe uliyevaa aproni na glavu utatokwa jasho, vumilia. Huyu anayekuja anatoka mahali penye nyuzi 37 au zaidi kidogo, tena ameloa chapachapa. Maji yakikauka juu ya ngozi yake yanaondoka na joto, upepo unachukua lake, bati baridi linachukua lake, na hata ukuta wa baridi ulio karibu naye unalivuta bila kumgusa.

Andaa vitambaa viwili vikavu na safi, kimoja cha kumkaushia na kingine cha kuwafunika yeye na mama, pamoja na kofia. Vibanio vya kitovu na mkasi uliotakaswa viwe mahali unapoweza kuvifikia bila kumwacha mama. Kama uko peke yako zamu, vaa glavu jozi mbili, ya juu utaivua kabla ya kushika kitovu.

Halafu ambu. Ninazungumzia ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, na ndio ninaougombea kuliko vifaa vingine vyote. Sikubali jibu la "ilipimwa asubuhi". Ipime kabla ya kila mtoto. Ziba mdomo wa barakoa kwa kiganja, bana mfuko. Ukihisi hewa inagoma na valvu inafunguka kwa mlio mdogo, mfuko ni mzima. Ukibonyea bila ubishi, ama una tundu ama vipande vyake vilirudishwa vibaya baada ya kuoshwa, na hilo la pili ndilo ninalolikuta zaidi. Barakoa ziwe saizi mbili, ya mtoto aliyetimiza siku na ya njiti. Ambu iliyofungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu wa zamu ya mchana ni sawa na hakuna.

Dakika ya kwanza

Mtoto akitoka mzima mwili wote, taja saa kwa sauti. Mlaze juu ya tumbo la mama, juu ya kitambaa kikavu, na uanze kumkausha papo hapo.

Kukausha kuna namna yake. Wengi wanampangusapangusa kama wanaogopa kumwamsha. Anza na uso na kichwa, kwa sababu kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili na ndicho kinachopoteza joto jingi. Shuka mgongoni, kifuani, mikononi, miguuni, kwapani, na kwenye mikunjo ya mapaja. Fanya kwa nguvu ya wastani, karibu nusu dakika nzima. Huko kusuguliwa ndiko kunakomshtua avute hewa. Ute mweupe ulioganda kwenye ngozi usiukwangue, unamlinda. Viganja vyake usivikaushe sana: harufu ya maji ya uzazi iliyobaki pale itamsaidia baadaye kulitafuta titi.

Kisha tupa kile kitambaa. Hapa ndipo wanapoponzwa wengi. Unamkuta mtoto amekaushwa vizuri, halafu amefunikwa kwa kitambaa kilekile kilicholowa, naye anapoa polepole huku kila mtu akiamini amefunikwa. Kitambaa chenye maji kiondoke, kikavu kije, kofia ivalishwe.

Wakati mikono inakausha, masikio yasikilize. Watoto walio wengi watalia wenyewe kabla hujamaliza. Anayelia hahitaji kunyonywa ute mdomoni wala puani. Najua mkono unawasha kuchukua kinyonyeo, hasa maji ya uzazi yakiwa ya kijani kwa sababu ya choo cha mtoto. Mwache. Akiwa analia na kujikunja vizuri, hata kwa maji ya kijani, mwache. Mrija ukigusa nyuma ya koo unaweza kuupunguza kasi moyo wa mtoto na kumfanya asite kupumua, yaani unamtengenezea tatizo ambalo hakuwa nalo. Ute unaondolewa pale tu unapouona umeziba njia kwa asiyepumua, na ukiondoa, mdomo kwanza ndipo pua. Kuanza na pua kunamfanya avute pumzi kwa mshtuko na kuingiza kwenye njia ya hewa kile kilichomo mdomoni. Kumning'iniza kichwa chini na kumchapa makalio ni mambo ya kuachana nayo kabisa.

Asipopumua, au akiwa anatweta kwa kusitasita huku amelegea, sugua mgongo wake mara mbili tatu. Hakuna jibu? Bana na kata kitovu, mpeleke kwenye meza ya kumsaidia, ita mtu. Kabla sekunde 60 hazijatimia tangu azaliwe awe ameshaanza kupata hewa ya ambu. Mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaliyoanzishwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2010, yanaiita hiyo dakika ya dhahabu.

Na hapa niseme kuhusu alama za Apgar. Daktari wa usingizi Virginia Apgar alizichapisha mwaka 1953, ni kipimo kizuri cha hali ya mtoto mchanga, na kila mwanafunzi anazikariri: rangi, mapigo, mwitikio, misuli, pumzi. Zinatolewa dakika ya 1 na ya 5. Lakini anayengoja dakika ya 1 atoe alama ndipo aamue kama mtoto asaidiwe, ameshapitwa. Alama ni za kuandika. Uamuzi unatokana na swali moja: anapumua au hapumui?

Mlaze chali, shingo isikunjike wala isivutwe nyuma kupita kiasi, pua ielekee dari. Barakoa ifunike kidevu, mdomo na pua, isiguse macho. Bana mfuko ukihesabu kwa sauti, "bana, mbili, tatu, bana, mbili, tatu", upate kama pumzi 40 kwa dakika. Macho yako yawe kifuani mwake, si kwenye mfuko. Kifua kinainuka? Endelea. Hakiinuki? Usiongeze kasi, maana hewa haiingii. Kaza barakoa upya, rekebisha kichwa, tazama kama kuna ute au damu mdomoni, fungua mdomo wake kidogo, kisha bana kwa nguvu zaidi kidogo. Mara nyingi kosa liko kwenye barakoa, hewa inavujia shavuni. Kwa mtoto aliyetimiza siku, hewa ya kawaida ya chumbani inatosha kuanzia, usipoteze muda kutafuta mtungi wa oksijeni.

Baada ya dakika moja ya kupuliza vizuri, shika kitovu pale kinapoungana na tumbo, hesabu mapigo kwa sekunde 6, zidisha kwa 10. Yakiwa zaidi ya 100 na akaanza kupumua mwenyewe, mrudishe kifuani kwa mama na usimwondolee macho. Yakiwa chini ya 100, endelea kupuliza na uitishe msaada mkubwa zaidi. Yakiwa chini ya 60 ingawa kifua kinainuka vizuri, mwenye ujuzi anaongeza kubonyeza kifua, mara 3 kwa kila pumzi 1. Walio wengi hawafiki huko, hewa peke yake inawarudisha.

Viganja na nyayo za samawati kwa muda wa kwanza visikutishe. Tazama midomo na ulimi.

Kitovu

Kwa mtoto anayepumua, sasa ngoja. Mwenzako ahakikishe hakuna pacha tumboni, amdunge mama oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, uniti 10 kwenye msuli, na wewe mtoto mwache juu ya tumbo la mama, kitovu kizima. Ngoja dakika 1 hadi 3. Ukikishika kwa vidole viwili utasikia kinadunda, kisha mdundo unafifia, na kitovu chenyewe kinageuka cheupe na chembamba. Damu iliyokuwa kwenye kondo la nyuma imekwenda kwa mwenyewe. Faida yake inaonekana hata miezi kadhaa baadaye, akiba ya madini chuma inakuwa nzuri zaidi, na kwa njiti kungoja huko kunaokoa maisha.

"Sista, huyu mama ana VVU, kata haraka." Nimelisikia hilo mara nyingi. Hapana. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kungoja hata kwa mama mwenye VVU au ambaye hali yake haijulikani.

Muda ukifika, vua glavu za juu. Banio la kwanza liwe sentimita 2 kutoka tumboni, kama upana wa vidole viwili vya mtu mwembamba. Kamua damu kidogo kuelekea upande wa mama, weka banio la pili sentimita 5 kutoka tumboni, funika kwa shashi damu isikurukie, ukate karibu na lile la kwanza. Tazama kama kuna mvujo. Halafu usipake kitu, kikae kikavu, wazi, nje ya nepi. Pale ambapo mwongozo unaelekeza klorheksidini ya kitovu, dawa ya kuua vijidudu, ipake ilivyoelekezwa na si zaidi.

Kifuani

Legeza nguo za mama, mpandishe mtoto katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, bila nguo kati yao. Kitambaa kikavu juu ya wote wawili. Kichwa kigeukie upande, pua na mdomo vionekane, shingo isikunjike, miguu ikae kama ya chura. Kifua cha mama kinatunza joto la mtoto kwa namna ambayo taa za joto hazifikii, na mtoto anabaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5.

Kisha waache, ila usiwakimbie.

Kinachofuata kinahitaji uvumilivu ambao leba yenye shughuli nyingi haina. Mtoto analia kidogo, ananyamaza, anatulia kabisa. Anafumbua macho. Anachezesha midomo, anatoa ulimi, anapeleka mkono mdomoni, anaulamba, anaupeleka kwenye titi. Anapumzika. Anasukuma kwa miguu, anajivuta, anapumzika tena. Mkunga na mtafiti wa Uswidi Ann-Marie Widström na wenzake walizigawa hatua hizo 9, kuanzia kilio cha kwanza hadi usingizi baada ya kunyonya. Muuguzi mgeni akifika wakati wa pumziko anasema "huyu hana njaa" na kumchukua akapimwe. Akirudishwa, anaanza safari upya, na safari hii amechoka.

Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kufika saa nzima. Usimshike kichwa kumsukumia kwenye titi, atajikunja mgongo na kulikataa. Msaidie mama kuegemea vizuri, mto mgongoni, mkono wake uwe chini ya makalio ya mtoto. Akishika vizuri utaona mdomo umefunguka sana, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na weusi wa titi unaonekana zaidi kwa juu kuliko kwa chini. Maziwa ya mwanzo ni matone machache na mama atakwambia "sista, sina maziwa". Mweleze kwamba tumbo la mtoto ni dogo na matone hayo yanamtosha, na asipewe maji wala maziwa mengine.

Aliyejifungua kwa upasuaji chini ya ganzi ya mgongo yuko macho na kifua chake kina joto lilelile. Kinachozuia huwa ni shuka za upasuaji na mazoea yetu, vyote vinasogezwa.

Nimesema usiwakimbie kwa sababu ipo hatari moja halisi: mtoto mzima anaweza kuziba pua kwenye titi au kukunja shingo akakosa hewa, huku mama amelala kwa uchovu au dawa. Kila dakika 15, kwa saa mbili za mwanzo, pita utazame pumzi, rangi ya midomo, pua, na uguse nyayo. Nyayo za baridi zikuambie upime joto kwa kipimajoto. Anapokoroma kila anapotoa pumzi, au pumzi zikifika 60 kwa dakika na kuendelea, hiyo si kelele ya kawaida.

Safari hiyohiyo ya dakika 15 ni ya mama pia. Weka mkono juu ya tumbo uone kama mji wa mimba umekaza, tazama pedi, pima mapigo na presha. Ukilegea, usugue na uite mwenzako.

Na mizani? Uzito wa mtoto hautakimbia ndani ya saa moja. Ukichunguza, haraka ya kupima haitoki kwa mama. Inatoka kwetu: rejista ya pale ninapofanya kazi imeweka safu ya uzito kabla ya safu ya kunyonya, na msimamizi akipita anauliza gramu. Mimi huiacha safu hiyo wazi hadi mtoto amalize kunyonya, na msimamizi akiuliza namwonyesha mtoto alipo.

Dawa

Saa ya kwanza ikipita, mpe vitamini K miligramu 1 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Kwa njiti dozi hupunguzwa, fuata mwongozo wako. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini hii na maziwa ya mama hayana nyingi, ndiyo maana asiyepata anaweza kuvuja damu, hata kwenye ubongo, wiki kadhaa baadaye. Mdunge akiwa ananyonya, hulia kidogo zaidi.

Lakini kabla ya kudunga, soma chupa. Imetokea katika nchi mbalimbali mtoto kudungwa dawa ya mama ya kukaza mji wa mimba, ergometrini, badala ya vitamini K, na mtoto akashindwa kupumua na kupata degedege. Vichupa vinafanana, taa ni hafifu, mtu amechoka. Trei ya mama na trei ya mtoto zitengane, na usivute vitamini K kwenye sindano kabla dawa za mama hazijamalizika. Soma jina kwa sauti mwenzako akusikie, hata kama anakuona unajionyesha.

Dawa ya macho ni ya tetrasaiklini asilimia 1. Kinga hii ina historia ndefu: Mjerumani Carl Credé alianza kutia matone ya kemikali ya fedha kwenye macho ya watoto miaka ya 1880, kuzuia upofu unaoletwa na kisonono. Vuta kope la chini, paka mstari mwembamba kuanzia upande wa pua kwenda nje, usiipanguse. Na tena soma tyubu: klorheksidini ya kitovu ikiwekwa machoni inaunguza vibaya.

Kumwogesha ni baada ya saa 24. Ndugu wakilalamika kwamba mtoto ana damu kichwani, ipanguse kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, basi.

Sasa mpime, mchunguze kuanzia utosini hadi nyayo mbele ya mama. Mvishe kitambulisho cha mkononi kabla hajatoka kitandani kwa mama hata kwa hatua moja. Angalia kaakaa kwa kidole, njia ya haja kubwa kwa macho, mgongo kwa kiganja.

Akiwa mdogo

Kwa njiti na mwenye uzito mdogo, kila nilichosema kuhusu joto kinaongezeka uzito. Utaratibu wa kangaruu, mtoto kukaa kifuani kwa saa nyingi kwa siku, ulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa daktari Edgar Rey Sanabria, wodi ilipokuwa imefurika na vifaa havitoshi. Kwa muda mrefu tuliambiwa tungoje kwanza hali yake itulie. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa 2021, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja atulie, kulipunguza vifo vya watoto hao kwa takriban robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake. Aliyeshindwa kabisa kupumua mwenyewe, au mama aliye kwenye mshtuko, hao wanahitaji huduma nyingine kwanza. Wengine, kifuani.

Kumkabidhi wodini

Mama na mtoto wanahamishwa pamoja, mtoto akiwa bado ngozi kwa ngozi, hata kwenye kiti cha magurudumu. Anayepokea aambiwe saa ya kuzaliwa, saa aliyoanza kunyonya, joto la mwisho, dawa alizopewa na ambazo bado, na kama alisaidiwa kupumua kwa ambu, maana huyo anafuatiliwa kwa karibu zaidi. Andika saa halisi. Naona mafaili ambayo kila mtoto alinyonya dakika 30 kamili baada ya kuzaliwa, na huwa siyaamini.

Mwambie mama mwenyewe ni lini aite: mtoto asiyenyonya, anayetetemeka au kukakamaa, anayepumua mbiombio au kubonyea kifua, aliye wa moto au wa baridi, anayegeuka njano siku ya kwanza, au kitovu kinachovuja damu. Mwambie akurudishie kwa maneno yake, na mwonyeshe meza ya muuguzi wa zamu iko upande gani.